Ukiwa na Neno, Nijie Mimi Ndotoni

Mpendwa Baba Wanja,

Ndugu yako Nyaga amekuota tena. Hii ni mara ya tatu tangu tukuzike, na kila ukimjia habari yako ni moja tu. Huwaulizii watoto, huwaulizii ng'ombe. Unasimama katikati ya kahawa, unanyoosha kidole, unasema shamba lirudi kwa ndugu zako na mimi nirudi kwetu Kiritiri. Barua hii naiacha wazi ili na yeye aisome.

Unakumbuka asubuhi zetu? Kabla sijamimina uji ulikuwa umeshaniuliza nimeota nini. Wanawake wa hapa Karurumo walikuwa wameniambia kwamba ukiota meno yanang'oka kuna mtu atakufa, ukiota harusi kuna matanga, na ukila nyama ndotoni utaugua. Siku niliyoota meno yangu ya mbele yameanguka kwenye karai, niliamka nikilia, nikataka kumpigia mama simu nijue kama yu hai. Wewe ulicheka mpaka uji ukakupalia. "Mama Wanja, jana ulishinda ukifikiria nini?" Nikakumbuka nilikuwa nimeshinda na jino la Wanja lililokuwa likicheza. Hata yule nyoka aliyenikimbiza ndotoni wiki nzima ulijua alikotoka: ulikuwa mkutano wa wazazi shuleni, ambapo nilitakiwa kusimama niseme.

Jumapili wazee wa ukoo walikuja. Nyaga alivua kofia kwanza.

"Mama Wanja, hii si maneno yangu. Ni marehemu amesema. Hiyo shamba irudi kwa boma."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, maana nani atabishana na aliyezikwa? Kisha nikamuuliza swali lako, vilevile ulivyokuwa ukiniuliza.

"Nyaga, hiyo siku uliota, ulikuwa umeshinda ukifikiria nini?"

Mzee Ireri, ambaye hana hila hata kidogo, akamjibia: "Si tulikuwa na wewe hapo juu, ukionyesha yule broka wa kuuza mashamba mpaka wa shamba hii?"

Nyaga akavaa kofia yake. Lakini usidhani wamekata tamaa, wanarudi Jumamosi na kamba ya kupimia. Waje! Watanikuta kwenye kahawa nikipogoa, na panga nitakuwa nalo mkononi kwa sababu ya kazi. Chifu ana habari. Hati ya shamba nimeitoa sandukuni, na majina yetu wawili yameandikwa pale. Kila shimo la ile kahawa ya chini tulichimba mimi na wewe, nikiwa na mimba ya Wanja, na Nyaga hakuleta hata jembe. Sitoki.

Sasa neno letu wawili. Huu ni mwaka wa pili na sijakuota hata mara moja. Nashinda nikikufikiria kutwa nzima, nalala upande wako wa kitanda, na bado huji. Kwa hesabu zako ningekuota kila siku. Kamba yao hainiumizi kama hilo. Kama kweli unatembelea watu, mbona unapita mlangoni pangu bila kubisha?

Shamba silitoi. Ukiwa na neno juu yake, niambie mwenyewe, tubishane kama zamani. Na ukiwa huna neno, njoo tu ukae.

Mkeo, ambaye hajahama,
Mama Wanja