Iko Bien

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 6 Octobre

Kazi ni ileile: telefone. Napigia wazazi wa watoto waliozaliwa mbele ya wakati, tuliowalinda hapa hopitali mpaka wakaweza kunyonya peke yao. Ananyonya? Anapata joto? Sauti imekauka. Papa Bahati, bwana ya Furaha wa Muheto, njo ananifurahisha zaidi. Hana maneno mingi. "Iko bien, dada. Ananyonya muzuri sana." Ila ku randevu ya kupima mutoto hawafikake. Anasema njia. Njia iko mubaya kweli, siwezi kubisha.

Siku ya tatu, tarehe 8

Mukutano. Docteur amenisifu mbele ya wote: tangu nianze kupiga telefone, hakuna mutoto tuliyemupoteza. Wameomba foto za watoto tubandike ku mulango, wamama wapate moyo. Nimevimba kichwa siku nzima. Papa Bahati njo wa kwanza niliyemuomba.

Siku ya ine, tarehe 9

Foto imefika. Mutoto munene, ameketi peke yake ku mukeka, anacheka. Meno mbili.

Mutoto wa Furaha hajafikisha hata miezi mitatu. Alitoka hapa akienea ku mukono yangu. Meno gani hayo?

Nimecheka. Nikaita wenzangu, nao wakacheka. Kisha kicheko kikaisha. Nikamupigia. Nyuma yake nyundo zinagonga, watu wanaitana. Akakubali: yeye iko Rubaya, ku mashimo ya kuchimba coltan. Iko huko tangu mbele mutoto azaliwe, hajamuona hata siku moja. Foto ni ya mutoto wa jirani. "Kila mara unaniuliza, dada. Niseme sijui, na mimi njo papa yake?"

Nimemutukana. Mujinga, muongo, papa wa namna gani wewe. Nikakata. Hasira, nilizani.

Siku ya tano, tarehe 10

Pikipiki mpaka Muheto. Matope tupu. Tumesukuma kuliko kupanda, motari anayeniendesha ananung'unika njia yote.

Furaha alikuwa mbele ya nyumba, anachambua maharagi. Mutoto ku kifua, ngozi kwa ngozi, kitambaa kimefungwa sawasawa vile nilimuonyesha. Aliniona akafurahi. Ee Mungu! Akasema: "Siku ile ya kutoka hopitali ulisema nisihangaike na njia, mutanipigia. Njo nilingoja."

Hana telefone. Nilijua. Nilichukua namba ya bwana yake, nikaona inatosha.

Nimefungua kitambaa. Mifupa. Baridi. Maziwa imekauka, anamunywesha maji ya sukari. Kila kitu nilichomufundisha, alifanya. Mimi njo sikufanya yangu. Tumerudi nao ku pikipiki ile ile. Haya imenifunga kinywa.

Siku ya yenga (dominika), tarehe 12

Mutoto iko tena ku chumba chetu, na sonde ku pua ya kupitishia maziwa. Docteur hajui kama atapona. Nimemwambia yote.

Sikwenda misa. Furaha ananishukuru kwa kumutafuta. Ananishukuru! Heri anitukane.

Nilimwita Bahati muongo. Lakini zile nyundo, nilizisikia tangu telefone ya kwanza. Kila juma. Sikuuliza, kwa sababu jibu lake lilikuwa fupi na lilinifaa. Ninajionea haya mpaka kula kunanishinda.

Siku ya kwanza, tarehe 20

Nimepigia wazazi wote upya. Ulizo moja: mutoto iko mbele ya macho yako sasa hivi? Wengi wamekubali kwamba hapana. Kesho naanza kuwafikia nyumbani, kwanza wa kijiji cha Pinga. Motari ameshaanza kunung'unika.

Sonde imetolewa. Mutoto ananyonya kidogo, anachoka, anaanza tena. Bahati amefika jana kwa miguu, matope ya shimo bado ku kucha. Nilimuomba musamaha. Alitazama chini. Mimi pia.

Leo Furaha amemufungia bwana yake mutoto ku kifua. Bahati aliogopa hata kupumua. Kisha akaomba foto, tena akataka na mimi niingie. Nilikatala. Nimewapiga foto wao watatu. Mutoto alikuwa analia, kinywa wazi. Hakuna hata jino moja.