Ile "Sawa" Niliyokujibu Siku ya Jina

Palma, Ijumaa, baada ya sala

Kwako mke wangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Kabla sijauliza hali yako naanza na neno moja, maana najua barua hii itapita mikononi mwa mjomba wako kabla haijafika kwako. Mtoto ni wangu. Mjomba Abudu, shikamoo. Nimelisema, na nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa tafadhali mpe mwenye barua barua yake, yaliyobaki ni ya mke na mume.

Zuhura, u hali gani? Ile miguu iliyovimba imepungua? Maziwa yanatoka vizuri? Na mama mkwe, kifua kimemwachia? Mimi mwilini ni mzima. Nakula saa ya kula ikifika, nalala kidogo, nafanya kazi. Hiyo "mzima" isome kama nilivyoiandika, mwilini tu.

Nimechukua karatasi kwa sababu kwenye simu siwezi. Siku ile ya saba ya mtoto ulipopiga, mtandao wa huko kwenu Awasse ulikuwa mzuri kuliko siku zote, bahati mbaya yangu. Nilikuwa juu ya paa la duka moja karibu na soko. Ukasema, "Baba, msikilize mwanao," ukamsogezea simu, akalia. Nikasema, "Sawa." Ukauliza, "Jina je? Watu wamekaa wanangoja." Nikasema, "Nitaangalia." Nikamsikia mama mkwe nyuma yako akisema, "Ataangalia! Kwani anachagua viatu?" Nikakata simu, nikaendelea kupiga misumari.

Juzi dereva wa chapa, lile basi dogo linalotoka huko kwenu, alinieleza yote. Kwamba mjomba ndiye aliyemwadhinia mtoto. Kwamba anasema mwanamume asiyetoa jina amekataa mtoto, na arobaini ikifika bila neno langu mjomba atampa jina yeye, nawe utabaki kwenu moja kwa moja. Simlaumu. Ningekuwa mimi mjomba ningesema hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi.

Lakini sikukataa, Zuhura. Nilipomsikia analia sikusikia kitu moyoni. Sikufurahi, sikuchukia, sikushtuka. Ndani yangu palikuwa kama nyumba waliyohama watu. Nikashuka jioni nikakaa nikajiuliza ni baba wa namna gani huyu, na hata aibu haikuja.

Unakumbuka tulipomzika kaka yangu Faki kule msituni, tulipokuwa tunakimbia vita. Tulikuwa wanaume watatu na jembe moja. Wewe ulilia, mama yangu, Mungu amrehemu, alilia mpaka tukamziba mdomo tusisikike. Mimi sikulia, wala siku ile wala baadaye. Watu wakasema, mwangalieni Selemani, ana subira huyu. Imamu akanitolea mfano mbele za watu. Nami nikaipenda sifa ile, nikajiona nimekuwa mtu wa imani kubwa. Kila penye msiba nikaitwa niwatulize wengine. Kumbe mwenye subira ni yule anayeumia akajizuia. Mimi sikuwa nazuia kitu, hapakuwa na cha kuzuia.

Hapa Palma wameniongezea sifa nyingine. Mestre, huyu msimamizi wetu, alipoona siogopi kutembea juu ya boriti aliniweka kileleni, anasema hajapata fundi jasiri kama mimi. Siku ya kwanza nilipofika nilisimama mbele ya ghuba ya Tungue, pale baba aliponifundisha kuogelea, nikaangalia maji nikaona maji. Wenzangu wakibishana mpira nanyamaza. Wakicheka nacheka, nikichelewa kidogo.

Fundi mwenzangu ni Matias, Mmakonde wa Mueda, mkristo, mtani asiyechoka. Wiki moja baada ya simu yako ubao ulimkatikia akaanguka. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilimwona anakwenda, nikamsikia chini anapiga kelele, na mimi, Zuhura, nilikuwa na msumari ulioingia nusu. Niliumaliza. Halafu ndipo nikashuka.

Nilipomwinua alinikazia macho. "Mano, ndugu yangu, umemaliza msumari kwanza?"

Nikampangusa vumbi mgongoni.

"Nimekuona. Uliniangalia kama unaangalia mbao."

Nilimpeleka hospitali nimembeba mgongoni mpaka tukapata pikipiki. Mguu ulikuwa umevunjika. Muuguzi ni mama mtu mzima, Mmwani wa huku pwani. Alipomaliza kumfunga, Matias akamwambia, "Mama, sasa mtazame na huyu. Mimi nimevunjika mguu, yeye sijui kavunjika nini." Nilidhani ni utani wake. Yule mama akavuta benchi akanikalisha.

Akaniuliza mara ya mwisho nilicheka lini, cheko la kweli. Nikafikiri mpaka akaacha kungoja. Akauliza nililia lini. Nikamweleza habari ya Faki, na ya simu yako, kama mtu anayesoma tangazo la watu wengine. Akaniuliza kama nataka kufa. Nikasema sitaki. Ni kweli sitaki, mke wangu, usitetemeke. Lakini nilichelewa kujibu, naye akaona nilivyochelewa.

Akasema, "Mwanangu, watu wanadhani mgonjwa wa huzuni lazima alie. Wengine hawalii, wanakauka. Uchungu hawausikii, na raha hawaisikii. Mimi siwezi kukupimia leo nikasema ndio huo. Lakini huenda ndio. Depressão, ugonjwa huo wa huzuni, inakuja hivyo pia, na vita hivi vimewaachia wengi."

Nikamwambia, "Basi hii si subira?"

"Mwenye subira anajua anachosubiri," akasema. "Wewe unasubiri nini?"

Akaniandikia karatasi ya kurudi. Kuna mtaalamu wa magonjwa hayo anayekuja kila Alhamisi. Nimekwenda mara mbili, anauliza, najibu, ananipa siku nyingine. Nisikudanganye, bado sijaona tofauti. Ameniambia nisipande tena paa mpaka aseme, kwa hiyo sasa nachana mbao chini na mestre amenuna. Matias ananitukana kila siku kutoka kitandani kwake, anasema tusi moja likiniuma atachinja kuku. Kuku bado yuko hai.

Matias na yule mama muuguzi wamenisisitizia nisikae na neno hili peke yangu, ndiyo maana nakuandikia wewe. Nimechoka, Zuhura. Si uchovu wa mikono, huo naujua. Ningekuwa na hofu ningekwambia naogopa. Ninachojua ni kwamba hili ni jambo la kuogopwa, kwamba mtu anaweza kuwa na mke na mtoto akawahesabu tu kama anavyohesabu boriti. Najua kwamba nakupenda. Najua kama ninavyojua njia ya Mueda, siku nyingi sijaipita, lakini nikiulizwa nitaonyesha.

Hilo jina sikulipuuza. Niliandika majina kwa penseli juu ya ubao, Amina, Rukia, Mwanahamisi, nikawa nayatamka moja moja kwa sauti, nangoja lipi litanigusa. Halikunigusa hata moja. Nikayapiga randa. Kesho yake nikaandika tena. Nilitaka nifurahi kwanza ndipo nimwite, nisimpe mtoto wangu jina kwa mdomo mkavu. Hilo ndilo kosa langu, na kwa kosa hilo nimekuacha ukaaibika mbele ya watu wenu. Unisamehe. Nikiingoja furaha, arobaini itapita na mtoto atapita.

Aitwe Rukia, jina la marehemu mama yangu. Nimeliandika na sikusikia kitu, nakwambia kweli. Lakini jina ni lake yeye, si la moyo wangu. Mwiteni kuanzia leo.

Nisalimie mama mkwe, ana haki ya kunikasirikia. Msalimie dada yako Mwanaidi anayekutekea maji, Mungu amlipe. Mjomba mwambie nashukuru kwa adhana, alisimama mahali pangu siku ambayo mimi sikusimama. Na wewe kula, usinyonyeshe na njaa kwa ajili ya kunifikiria.

Dereva anasema umeapa kwamba ukitoka arobaini utamleta Palma, unataka kuniona uso nikimpokea. Njoo. Sitakuahidi uso wa furaha. Ila ukimweka mikononi mwangu na ukaona sijabadilika, usiharakishe kumchukua. Niachie kidogo.

Mumeo,
Selemani, baba Rukia