Nilimsifu Barazani, Sasa Kaleta Mto Wake

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe kabla sijaharibu kesi ya mtu au maisha yangu mwenyewe, sijui kipi kitatangulia. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Santa Ana, na baba yao, Wenceslao, tulipeana talaka zamani kwa sababu ya mwanamke wa duka la simu, nikamsahau kabisa, mpaka mwaka jana maofisa wa uhamiaji walipomkamata akienda gereji kazini wakamweka kizuizini ili arudishwe kwao Michoacán, na kwenye mahakama ya uhamiaji, unajua, serikali inakuja na wakili wake lakini asiye na uwezo anasimama peke yake, ila bahati yake jiji letu lina fungu la fedha la kuwalipia watu kama yeye, akapewa wakili, dada mmoja anaitwa Ximena, akamtoa kwa dhamana huku kesi ikiendelea.

Basi juzi juzi baraza la jiji likataka kulifuta fungu hilo, Ximena akatafuta watu wa kwenda kulitetea, binti yangu Itzel akanibembeleza huku analia, nikaenda. Kufika kwenye kipaza sauti nikachanganyikiwa, nikamwaga yote: kwamba Wenceslao hajawahi kukosa mkutano wa shule, kwamba mama yangu alipougua ni yeye aliyembeba mgongoni kushuka ngazi, kwamba mtu mwema kama yule haachwi peke yake mbele ya hakimu. Watu wakalia, diwani mmoja akajifuta macho, fungu likabaki.

Tatizo, mshauri, ni kwamba Wenceslao naye alikuwa amekaa safu ya nyuma.

Jumapili akaja kutengeneza bomba la jikoni ambalo halikuwa limeharibika, nikampa pozole, ile supu yetu ya mahindi na nyama, kwa sababu siwezi kula huku mtu ananitazama, Jumapili iliyofuata akaacha viatu, halafu akaleta mto wake. Sasa yupo don Fermín, kinyozi, kafiwa na mke, mtu mtaratibu ambaye amekuwa akinitembelea, akauona ule mto sofani akauliza ni wa nani, nikababaika nikamwambia ni wa kesi. Akachukua kofia yake. "Basi kesi imeanza kulala hapa," akasema, akaondoka.

Wenceslao nilipomwambia auchukue mto wake alinijibu, "Mama Itzel, umesema mbele ya jiji zima kwamba mimi ni mtu mwema. Mtu mwema analala sofani?" Na shoga yangu Chabela ananitisha kwamba nikimtoa, hakimu atasikia, wakati Ximena anataka nikarudie maneno yale yale mahakamani. Je, nikimtoa nyumbani nitakuwa nimemfukuzisha nchini baba wa wanangu? Nisipomtoa, Fermín nitampata wapi tena?

Mama Itzel

*

Pole, mama, ingawa nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Ulichofanya barazani usikijutie hata kidogo. Wako baba za watoto wengine watakaosimama mahakamani na wakili kwa sababu wewe ulichanganyikiwa kwenye kipaza sauti.

Lakini bomba lisiloharibika mtu halilipii pozole, na wewe hilo unalijua. Viatu uliviona ukanyamaza. Na huo "mto wa kesi" ndiyo nini, mtu mzima kama wewe?

Chabela si wakili. Mpigie Ximena leo, mweleze kila kitu, mto ukiwemo. Mimi simwoni hakimu wa kumrudisha mtu kwao eti kwa kuwa mtalaka wake hamtaki ndani. Cha kuwaponza ni nyinyi kujifanya mke na mume, halafu mkaulizwa chini ya kiapo. Yale uliyosema kayaseme tena, kwa kuwa ni kweli. Ukiulizwa kama ni mumeo, sema alikuwa.

Fermín mfuate mwenyewe saluni kwake, usitume mtu, na umweleze hata kama wateja wanasikia.

Naye Wenceslao akija Jumapili, asipite mlangoni. Mkabidhi mto na viatu vyake, kwa upole, umwambie kwamba baraza lilipiga kura apewe wakili. Mke hakuwamo kwenye ajenda.