Ukurasa wa Tisa

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko, na magoti yanaendeleaje? Sisi wazima. Mama angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Juzi limeletwa mezani kwangu andiko linaloomba kuingia kwenye ensaiklopidia yetu. Linamhusu profesa wa mambo ya mvua, na profesa mwenyewe ni wewe. Mtumaji amejiita "Msomaji" tu. Sheria zetu unazijua: mtu hajiandiki, ndugu zake hawamwandiki, na lazima watu wa nje wawe wameijadili kazi yake. Mimi ndiye wa kuamua kama unastahili, na mkuu wangu hajui kuwa ulinilea.

Kuna jambo limenikera. Andiko linasema makala yako ya mvua, ukurasa wa tisa, inamshukuru dada yako aliyepima mvua kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Nimekwenda maktaba nikalitoa jarida lililoichapisha. Makala ina kurasa nane. Mama hatajwi popote.

Mjomba, ni wewe uliyelituma?

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Magoti yananisema kila nikipanda ngazi, mengine salama.

Sijaandika chochote. Ningetaka kujipamba, ningejipamba vizuri zaidi ya hapo. Mimi nilidhani ni wewe, unataka kunifurahisha uzeeni, halafu unanitega nikubali ili lawama zinishukie mimi. Kama si wewe, basi ni yule mwenzangu wa idarani, anayenichimba tangu zamani. Mwambie mkuu wako sistahili, yaishe.

Maktaba hupoteza kurasa. Usirudi huko kuvuta vumbi.

Mjomba wako

18 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo kwa mwili tu.

Umejibu yote isipokuwa nililouliza. Hakuna ukurasa uliochanwa. Baada ya wa nane inaanza makala ya mtu mwingine. Nikamwomba karani wa barua anipe bahasha iliyoleta andiko. Mwandiko niliutambua kabla sijakaa, ni wa Mama, ndio ule ule ulioandika jina langu kwenye madaftari ya shule.

Nikaenda kwa Mama. Hakukataa. Alifungua sanduku akatoa nakala uliyompa wewe, kaiviringisha kwenye kitambaa, na ukurasa wa tisa upo. Akanitaka nimsomee, eti macho. Kumbe anaujua kwa ghibu, midomo yake ilinitangulia. Kurasa nane zimepigwa chapa kiwandani. Wa tisa umepigwa kwa taipureta, ukabandikwa kwa gundi.

Ulifanya nini?

Mpwa wako

6 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Na kazi? Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeiandika na kuichana mara nne.

Nilijiambia kuwa mpimaji asiye na shahada ataifanya makala ionekane dhaifu. Nikaweka jina langu peke yake. Nilipompelekea mama yako nakala, alifunua hadi mwisho, akauliza, "Mimi niko wapi?" Nikamwambia ukurasa wake umechelewa kwa mpiga chapa. Wiki iliyofuata nikampelekea ule uliouona, nikaubandika mbele yake. Alifurahi mno. Tangu hapo nimenyamaza miaka thelathini, na aibu ninayo.

Nakuomba, andika kwamba sistahili. Atanung'unika siku mbili tatu, kisha atasahau. Asijue.

Mjomba wako

13 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, anauliza hali yako kila siku.

Mkuu wangu nimemwambia kuwa sisi ni ndugu, na kuwa "Msomaji" ni Mama. Amenigombeza, na faili limehamia kwa mwenzangu wa ofisini, aandike upya yeye. Hata lingebaki kwangu, nisingeweza kuandika kuwa hustahili. Vitabu vitatu vya watu tusiowajua vimeegemea vipimo vile. Wanasifu vipimo, Mjomba, wewe wanakutaja kwa kupita. Mwenzangu ataingia maktaba ile ile, atakosa nilichokosa mimi, na mwisho wa mwezi atampigia simu "Msomaji" kumuuliza ukurasa wa tisa ameutoa wapi.

Nina hasira na wewe, na bado nakupenda, sijui niviweke wapi vyote viwili.

Nilimuuliza Mama kwa nini alihangaika hivyo na macho yake yale. Akasema, "Mimi kaka yangu alishanipa ukurasa wangu. Yeye hana wake."

Njoo umwambie mwenyewe, kabla hajapigiwa simu.

Mpwa wako