Kwa Mama Njuga, Aliyeiongoza Dumbaki kwa Kiuno

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na kile kibwebwe chako chenye njuga bado kinaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chako. Hakuna aliyethubutu kukiondoa. Mtu akiufungua mlango njuga zinalia kidogo, na sote tulio sebuleni tunainua vichwa, kisha tunajifanya tulikuwa tunatazama saa.

Mtaa mzima ulikuita Mama Njuga. Asiyekujua akikukuta sokoni na viatu vyako vya chini na kikapu cha nyanya, angedhani ni karani mstaafu wa posta. Lakini jukwaani, taa zikiwaka, watu waliacha vijiko vyao hewani.

Ulicheza densi ya tumbo tangu ukiwa msichana hadi ukawa bibi. Nyumbani nako hukutulia. Ulikoroga chai huku nyonga zikienda. Kwenye foleni ya benki ulipiga mapigo kwa kisigino mpaka mlinzi naye akaanza. Na ukimwona mmoja wetu amejikunja kitini, sauti ilitoka jikoni: "Vuta mabega! Uti wa mgongo si kamba ya kuanikia nguo."

Darasa lako lilikuwa juu ya duka la fundi viatu, chumba chenye sakafu ya mbao na kioo kilichopasuka kona moja. Harufu ya gundi ilipanda kutoka chini, nawe ulisema ndiyo inayowashika wanafunzi wasitoroke. Walikuja wanawake wa kila namna: askari wa trafiki, mwalimu wa hesabu, mjane ambaye alikuwa hajatoka nyumbani tangu msiba. Mwoka mikate alipokuja mara ya kwanza alisimama mlangoni, mkoba ameukumbatia.

"Mwalimu, tumbo langu mimi ni kubwa. Litachezeka kweli?"

"Ingia, dada. Hawa wembamba wananipa kazi ya kulitafuta. Lako nimeliona tangu uko kwenye ngazi."

Alicheka hadi akakaa chini. Ulimwekea kiganja chini ya kitovu, ukamwambia aanzie hapo, kwingine kutafuata. Hajakosa darasa tangu siku hiyo, na funguo za chumba sasa anazo yeye.

Baba ndiye aliyekupigia dumbaki, ile ngoma iliyobanwa katikati ambayo mpigaji huipakata. Mlikutana kazini, mkaoana, mkatuzaa sisi wawili, kisha ndoa ikawashinda. Yeye alikuwa mtu wa kununa wiki nzima. Wewe mtu wa kuyasema yote kabla chai haijapoa. Mlipoachana tulidhani Shangazi, dada yake Baba, atafurahi, maana hakuwahi kupenda wifi yake atazamwe tumbo na watu. Kumbe alikuja asubuhi, akavua viatu, akaketi jikoni kwako. "Kaka yangu ameachika," akasema. "Mimi sijaachika. Chai iko wapi?"

Kazi nayo hamkuiacha. Hukumpata mpigaji mwingine aliyejua utageukia wapi kabla hujageuka, wala yeye hakumpata mchezaji mwingine aliyestahili jasho lake. Mliingia ukumbini kwa milango tofauti na kurudi kwa njia tofauti, lakini pale katikati mlichekeana kama wachumba. Mdogo wangu, wakati huo akiwa shule ya msingi, alikuuliza kwa nini Baba anakupenda jukwaani tu. Ukamjibu, "Pale ndipo anaponisikiliza."

Tuliizoea hali hiyo, tukakua nayo. Kisha ikaja ile arusi kwenye ukumbi wenye mapazia mekundu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi ya kutengeneza meno ya bandia, lakini Jumamosi nilikubebea sanduku la nguo. Katikati ya wimbo wapigaji wote walikata muziki ghafla, kama ilivyopangwa, nawe ukasimama na nyonga juu. Dumbaki haikukata. Baba aliendelea peke yake, kichwa kimeinama, hana habari. Watu wakaanza kucheka. Hukumpa mtu nafasi: uliitupa nyonga upande wa pili, ukamchezea yeye peke yake, mkono kiunoni, kana kwamba hiyo ndiyo sehemu tamu mliyokuwa mmeificha. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi niliyekuwa pembeni niliuona uso wako, na haukuwa unacheka.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Baba alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, ametugeuzia mgongo. Ulisimama nyuma yake, ukasema kwa sauti ya kawaida, "Bwana, koti lako linawaka moto."

Akaendelea kufunga kamba.

Ulikaa juu ya sanduku la nguo.

Kesho yake ulikwenda chumba alichopanga, mahali ambapo ulikuwa umeapa hutakanyaga. Ulinichukua, nadhani ili usigombane naye sana. Alipofungua mlango ulisimama mbele yake kabisa, midomo ikionekana vizuri.

"Husikii."

"Nani amekwambia?"

"Mgongo wako."

Alikasirika. Alisema masikio yamejaa nta tu. Kisha akasema wapigaji wamejaa mjini, kamtafute mwingine.

"Ningetaka mwingine ningempata siku ile nilipokuacha," ukamjibu.

Ndipo Baba alipokaa kitandani. Alisema kwa muda mrefu alikuwa akifuata mitetemo ya sakafu, na sasa hata hiyo inamchanganya. Alisema wenzake wa bendi wakijua atawekwa benchi. "Nikiiweka chini hii ngoma, Mama watoto, mimi nitakuwa nani?"

Sikuwa nimewahi kukuona ukimshika mkono Baba kabla ya siku ile. Ulimshika. Kisha uliivuta dumbaki kutoka chini ya kitanda, ukamwekea mapajani, ukarudi nyuma mpaka ukagusa ukuta.

"Nitazame kiuno," ukamwambia. "Usiwatazame watu, usinitazame usoni. Kiuno."

Katika densi hii, Mama, ulitufundisha kwamba ngoma ndiyo bwana: inasema, na mwili unaitika. Ninyi mliigeuza. Nyonga ya kulia ikipanda, yeye anapiga pigo zito la katikati. Ya kushoto, pigo kali la ukingoni. Tumbo likitembea kama wimbi, anamwaga vidole. Ukigusa nywele, anajiandaa kukata. Mlijifungia darasani wiki baada ya wiki, fundi viatu chini akigonga dari kwa kipini cha nyundo kuomba amani. Baba alichelewa, akatukana, akaitupa ngoma, akaiokota.

"Umechelewa," ulimwambia siku moja. "Kama ulivyochelewa kwenye arusi yetu."

Hakusikia. Ulimfuata, ukasimama mbele yake, ukayarudia neno kwa neno huku ukimwonyesha kidole. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sikuwa nimewasikia mkicheka pamoja nje ya jukwaa tangu nikiwa mdogo.

Na mkarudi kazini. Wenzenu wa bendi walijua, wakafunga midomo. Watazamaji hawakujua kamwe. Jioni moja mama mmoja aliyekaa karibu nami alisema, "Mwone anavyoifuata ngoma! Haikosi hata kidogo." Nilijing'ata mdomo. Nilitaka kumwambia atazame tena vizuri, ni nani anayemfuata mwenzake.

Mdogo wangu alipomhamishia Baba chumba cha uani kwetu, Shangazi alikuuliza kama mnarudiana. Ulikuwa unakunja nguo. "Wifi," ukasema, "mume nilishawahi kuwa naye. Sasa nina mpiga ngoma, na huyu ananitazama." Chumba cha uani kilibaki chake, chako kikabaki chako. Chai tu ndiyo mliyokunywa kwenye meza moja, kila asubuhi, bila kusemezana sana.

Moyo wako ulipoanza kuchoka ulifundisha ukiwa umekaa. Ulipoacha kwenda darasani, darasa lilikuja kitandani, askari wa trafiki akiwa na sare zake, wakakuonyesha walichokosea ili upate wa kumgombeza. Siku ya mwisho, asubuhi, ulimwashiria Baba alete dumbaki. Alikaa kwenye kiti miguuni pako. Kiuno hakikuinuka tena, basi uliweka mkono juu ya blanketi ukaongoza kwa vidole. Alipiga polepole, kwa ncha tu, akiutazama mkono wako. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, mimi nimeketi ubavuni pako. Vidole vilipotulia, Baba naye alitulia. Alikaa hivyo, kiganja kimeinuliwa juu ya ngozi ya ngoma, akingoja uendelee. Mimi ndiye niliyemgusa bega.

Baada ya hapo aliifunga ngoma kwenye shuka akaiweka juu ya kabati. Darasa nimelishika mimi jioni baada ya kazi, kwa kaseti na redio, vibaya vibaya, maana nilicheza utotoni tu. Tulimwomba Baba aje, akatikisa kichwa. Tulimwomba tena, akatoka nje.

Mwezi uliopita mwoka mikate alichoka kuomba. Alimfuata Baba uani, akasimama mbele yake, akaweka mikono kichwani, akakata kiuno bila muziki, katikati ya ua, majirani wakichungulia. Baba alimtazama muda mrefu. Kisha akatwambia, kwa ile sauti yake ya juu ya mtu asiyesikia anachosema, "Huyu anazidi kwenda kulia. Nani amemfundisha hivi?"

Mwoka mikate alinielekezea kidole.

Alikuja darasani Alhamisi ile na ngoma chini ya kwapa. Alipanda ngazi kwa shida, akakaa chini ya dirisha, akatutazama tulivyojipanga. "Nimfuate nani?" akauliza. Hakuna aliyejitokeza, kwa hiyo akajaribu kutufuata wote, na kwa kuwa kila kiuno kilikuwa na maoni yake, ngoma ilivurugika kama gari la mkaa linalopinduka. Tulianguka kwa kucheka. Akatuamuru tuanze upya, mmoja mmoja, na tangu hapo anakuja kila wiki na hasifii mtu.

Tunakukumbuka, Mama: mimi binti yako na mume wangu, mwanao fundi umeme na mkewe, mjukuu wako, ambaye tayari naye hujikunja kitini, wifi yako, aliyekataa kuachika, bendi yako, na wanafunzi wako wote wa juu ya duka la viatu.

Baba tulimwandikia kwenye karatasi kumwuliza naye angependa kusema nini. Alisoma, kisha akasema tuandike hivi tu: "Mwambieni bado namtazama."

Hutatutoka moyoni, siku zote tutakazoishi.