Vidole Vinne vya Baba

Kwako kaka yangu Wiratno,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lililokuwa likikusumbua kwenye vilima vya michikichi liwe limepata nafuu. Huku sisi tunapumua. Baba anakusalimu sana na anasema uwe unakula wali, maana watu wa huko Sabah uliko, kwa madai yake, wanaishi kwa mikate mitupu. Baba mdogo Sarmidi naye anakusalimu. Bi Rukinah, jirani yetu, angekusalimu pia kama bado tungekuwa tunasemeshana.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Ujumbe huupati mpaka upande kilimani, hilo ni moja. La pili, mambo ninayotaka kukueleza sitaki yapite kwenye simu. Ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini.

Mimi bado niko kiwandani, nabandika soli za viatu. Kamera unaijua, ile niliyoinunua kwa mpiga picha za harusi aliyeacha kazi, yenye ukungu ndani ya lenzi. Tulipokuwa bado kijijini kwetu Tambakwungu nilikuwa natoka nayo kila alfajiri kabla ya zamu, natembea juu ya mbao, napiga kilichokuwepo: watoto wanakwenda shule viatu vikiwa vimening'inia shingoni, Bi Rukinah anakaanga tempe ya soya huku jiko liko juu ya meza na meza iko ndani ya maji. Wewe ulikuwa ukinitania, “Wenzako wanapiga picha maua, wewe unapiga tope.” Nilikuwa nikiziweka mtandaoni, na walioziangalia walikuwa watu wachache, wengi wao wazee wanaobishana kuhusu lenzi. Kulikuwa na karani mmoja wa Surabaya aliyekuwa akipiga baiskeli tu, maisha yake yote baiskeli. Mtandao huo niliupenda, kaka. Watu wasiojuana wanaonyeshana walichokiona asubuhi, kisha kila mtu anakwenda kazini kwake.

Ile picha niliipiga siku ya bamvua, maji yameingia ndani mpaka magotini. Baba alikuwa amepandisha kitanda juu ya matofali, akaweka mbao na mkeka, akasali hapo. Dirisha lilikuwa wazi na mwanga umelala juu ya maji, Baba akaonekana wawili: mmoja juu amenyanyua mikono anaomba dua, mwingine chini kichwa kinaning'inia kuelekea sakafuni. Nilibonya mara moja tu. Ukungu wa lenzi ukaufanya mwanga uwe kama moshi. Sijawahi kupiga picha nyingine kama ile, na najua sitapiga.

Kufika mchana ilikuwa imeshanitoka mikononi. Watu wa nchi nisizozijua waliitumiana, wakaandika kwamba wamelia, wakauliza hicho kijiji kinachozama kiko wapi. Baba akaniuliza ni wangapi waliotuona. Nikamwambia ni laki tatu na ushee. Akasema, “Laki tatu! Kila mmoja akija na kikapu kimoja tu cha udongo, mabwawa yetu yanarudi kuwa shamba.” Nilicheka. Yeye hakucheka. Kumbe alikuwa anapiga hesabu kweli. Tangu siku ile akawa anaamka mapema kusugua ule ukungu wa kijani kwenye mbao za kuingilia kijijini, ili wageni wakija wasiteleze.

Halafu akatokea kijana mmoja mwenye wafuasi wengi ambaye kazi yake ni kufichua picha za uongo. Aliuzungushia duara jekundu mkono wa kushoto wa Baba, akasema, “Hesabuni wenyewe, jamani. Vinne! Mashine ikichora mtu hujisahau kwenye vidole.” Kaka, wewe ndiye uliyekimbia kumwita mkunga aje amfunge Baba kitambaa siku lango la bwawa lilipomkata kile kidole. Niliwaeleza hayo yote. Mmoja akanijibu, “Haya dada, na huo moshi nao umekatwa na lango la bwawa?” Nikamrekodi Baba akiugeuza mkono wake mbele ya kamera, mbele na nyuma. Wakasema siku hizi wanapika mpaka wazee wanaotembea.

Baada ya hapo hakuna aliyelia tena, walikuwa wanacheka tu. Ule mkono ukakatwa kwenye picha, ukafanywa stika yenye maneno “Nihesabu tena.” Kiwandani nikiingia, benchi zima linaninyanyulia vidole vinne. “Mama Mashine, leo umetuchorea nini?” Nilicheka nao, kwani utamkasirikia vipi mtu mnayegawana gundi naye? Lakini siku moja niliwaona watoto wa pale kijijini wakimnyanyulia Baba vidole vinne. Alidhani ni salamu mpya ya vijana. Akafurahi, akawarudishia kwa mkono wa kushoto, na mkono wake haukuwa na haja ya kukunja kidole.

Sikumwambia. Kila jioni alipouliza wamesema nini leo, nilimsomea yale maoni ya mwanzo, mazuri, kana kwamba yameingia siku hiyo hiyo. Wageni kweli walianza kuja, vijana wenye kamera nzuri kuliko yangu. Walimpa Baba sigara, wakapiga naye picha wakiwa wamekunja kidole kimoja. Kila kundi aliliuliza udongo utafika lini. Walimjibu, “Hivi karibuni tu, babu,” wakaondoka wakiwa wamebeba viatu mikononi.

Hayo ningeyavumilia. Lakini kijiji kilikuwa kimepeleka ombi la kuhamishiwa ardhi kavu, na ile picha ndiyo iliyobandikwa mbele, kwa sababu wakati ule kila mtu alikuwa akiisifu. Baba mdogo Sarmidi alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Anasema yule ofisa aliitazama mara moja, akatabasamu, akamwonyesha mwenzake na kumwambia, “Si ile ya vidole hii?” Wakacheka. Kisha wakaambiwa kwa upole waende wakalete ushahidi wa kweli. Baba mdogo alikuwa amesimama pale suruali imelowa mpaka mapajani.

Waliporudi, Bi Rukinah alikuja mpaka mlangoni kwetu. Hakupiga kelele. Alisema, “Bahari imetuzamisha mara moja, Nastiti. Wewe na kamera yako mmetuzamisha mara ya pili.” Tangu siku hiyo hatusemeshani.

Nimewaza sana juu ya wale watu, kaka. Sijaweza kuwachukia. Mimi mwenyewe nimecheka picha za watu nisiowajua, nikazituma mbele nikiwa nasubiri zamu ianze. Wala yule kijana wa duara jekundu hakusema uongo kwa makusudi. Picha za uongo zimejaa kweli, na mtu aliyedanganywa kila siku atafanyaje akiletewa ya kweli? Ninachokiona ni kwamba hawako popote. Mtu akikutukana sokoni, kesho utakutana naye kwenye pilipili na itabidi mmoja wenu ainamishe macho. Hawa walikuja wote siku moja na wakaondoka wote siku moja, na kwenye tope letu hakuna aliyeacha unyayo. Baba peke yake ndiye aliyedhani ni watu.

Msimu wa mvua ulipoanza ukuta wa nyuma ukaanguka. Tukahama kama walivyohama wengine, bila ombi wala ardhi, tukapanga chumba huku juu, karibu na tanuri la matofali. Ni pakavu. Vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Baba aliacha kuuliza habari za wale watu, akaanza kuuliza habari za Mama na kaburi lake lililobaki kijijini. Kila siku alisema hawezi kulala pakavu huku mkewe analala majini, na kwamba Shaaban isiingie kabla Mama hajahamishwa, ili mwaka huu amsomee dua kaburini kama wengine.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na ninakuomba ukae chini.

Baba alikuwa na homa wiki ile, kwa hiyo tulikwenda mimi, Baba mdogo na ustadhi wa huku. Tulisubiri maji yapwe. Makaburini pamebaki mikoko tu. Mawe ya makaburi yamesukumwa na mawimbi, yamelaliana upande mmoja, na la Mama tulilipata limeegemea la mtu mwingine. Baba mdogo alipima kwa kukumbuka: hapa palikuwa na ukuta, hapa mti wa maua wa mkamboja. Tukachimba. Kila tulichotoa maji yalikirudisha. Tukahama hatua chache, tukachimba tena, kisha mara ya tatu. Hatukupata kitu, kaka. Hatukupata mfupa wala uzi wa sanda. Maji yakaanza kujaa, ustadhi akasema basi, kilichobaki ni cha Mungu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nachimbua kwa mikono, na Baba mdogo akanishika bega, akaniambia, “Mwanangu, yule mzee amekaa anatusubiri. Tukirudi mikono mitupu tutamzika yeye.”

Tulijaza tope lile kwenye sanda mpya. Tukafunga vizuri, kichwani, katikati na miguuni.

Baba alishuka kitandani na homa yake, akataka aupakate ule mzigo mpaka makaburini. Tulimpandisha kwenye mkokoteni wa matofali, akaukumbatia njia nzima. Wakati mmoja akasema, “Mbona mzito hivi? Huyu hata alipokuwa hai nilikuwa namvusha mabwawa kwa mkono mmoja.” Baba mdogo akajibu bila kugeuka, “Ni maji, kaka. Amekaa sana majini.” Baba akaridhika. Ustadhi alisoma yanayosomwa, bila kumtazama Baba.

Tulipomaliza, Baba akaniambia nimpige picha. Alisema, “Waonyeshe wale watu wako. Wasije wakahangaika na udongo tena. Waambie tumemaliza salama.” Nilimpiga amekaa pembeni ya kaburi, mkono wa kushoto umefunikwa na ule udongo mwekundu. Akasubiri mpaka niiweke mtandaoni, ananitazama.

Waliipenda. Wengi walirudi, wakamwombea Mama, wakamwombea Baba, na yule kijana wa duara jekundu akaituma kwa wafuasi wake akiandika kwamba hivi ndivyo picha ya kweli inavyoonekana. Siku ile ile nilifuta picha zangu zote mtandaoni, na kamera nimeiacha kwa Baba mdogo. Anaweza kuiuza au kuitupa, sijali.

Ukija, Baba atakupeleka kaburini, ameshapanda ua. Nenda naye, ukae, usome Yasini mpaka mwisho, usimwambie kitu. Kisha tutamwomba Baba mdogo atupeleke mimi na wewe kule kwenye mikoko, tusome tena. Sijui tutaelekea upande gani. Ukikasirika, nikasirikie mimi, sio Baba mdogo.

Nisalimie wenzako wote wa kambini, na ujihadhari na nyoka wa michikichi. Usipige simu kuniuliza juu ya haya, maana huwa anaipokea Baba.

Macho yake hayasomi tena herufi ndogo. Amekaa hapa ubavuni kwangu, anauliza kama nimeshakuandikia kwamba Mama sasa yuko pakavu. Nimemwambia nimeshaandika.

Wasalaam,
ni mimi mdogo wako,
Nastiti