Bibi Chen Amewasha Hita

Dada Neema,

Ile pesa ya serikali imetoka! Ule msaada wa umeme wa kipupwe kwa wazee wasio na uwezo. Bibi Chen, jirani yetu wa chini, amepata. Nimeona nikuambie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Unaikumbuka baridi ile? Sisi watu wa Njombe tulidhani baridi tunaijua. Kumbe ya Guangzhou inapenya ukutani, shuka zinakuwa mbichi, na nyumba hazina hata jiko la mkaa la kuota. Wewe uliitukana kwa neno lile lile ulilowatupia wenye maduka wa soko la Guangyuan: "Tai gui! Ghali mno!" Nacheka hadi leo.

Ndipo ukamkuta Bibi amejifunika magazeti, hita ameizima kwa kuogopa bili. Ili aombe msaada huu, ofisi ya mtaa ilimtaka afike mwenyewe, na magoti yake yalikataa. Siku zile askari walikuwa wanakagua pasipoti kila kona, nawe viza yako ilikuwa imeisha, unasubiri mpya. Nikasema, "Dada, utakamatwa." Ukanijibu, "Sasa yeye agande?" Ukaazima toroli la wapagazi, ukamfunika kitenge chako cha bluu, ukamsukuma katikati ya marobota ya nguo huku ukipiga kelele watu wapishe.

Ofisini mhudumu akataka kujua wewe ni nani. Kabla hujafungua mdomo, Bibi akasema, "Binti yangu." Mhudumu akakutazama, akamtazama yeye, akaangua kicheko. Pasipoti hakuuliza. Mlirudi mnaimba, kila mtu kwa lugha yake.

Halafu kifua kikakubana. Nimonia, walisema. Ilikuwa haraka mno, dada. Mimi bado nilikuwa natafuta teksi...

Tulikurudisha nyumbani. Watu wa Dar, Wazanzibari, Wakenya, wote walisimama nasi. Umelala karibu na baba. Mama anapalilia hapo kila Jumamosi, na anakusimulia habari za majirani, hata zile za umbeya.

Mimi nimerudi huku Guangzhou. Mizigo naipeleka bandarini Nansha peke yangu sasa. Misako haijaisha, lakini karatasi zangu ziko sawa, usihofu.

Jana jioni nilishuka kwa Bibi. Hita ilikuwa inawaka, chumba kizima kina joto. Alikuwa amevua soksi, anachezesha vidole kama mtoto. Akanivutia kiti, akanimenyea chungwa, akasema, "Kula, Neema." Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, maana alisikia jina alilolitaja. Nikamwambia kwa Kichina changu kibovu kwamba ni sawa. Tukakaa hivyo, mikono yetu mbele ya ule moto mwekundu, tukilia kidogo.

Msaada huu huombwa upya kila mwaka. Msimu ujao nitampeleka mimi, askari wawepo wasiwepo.

Pumzika, dada yangu. Nakupenda.

Mdogo wako,
Upendo